Sahani ya Peke Yangu

Ningeweza kuikataa. Ilikuwa sahani ya bati tu, nyeupe, yenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja, na mama aliiweka mbele yangu kwa mikono miwili kama anayemkaribisha mgeni. Hatua chache kutoka nilipokaa, sinia la nyumba lilikuwa limekwisha wekwa juu ya mkeka, na dada yangu Zena alikuwa amekwisha nawa mikono. Mama akasema, "Wewe utakula hapo, mwanangu. Ndivyo alivyoagiza Maalim." Nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na wakati ule kijana wa Temeke wa umri huo alikwisha fundishwa adabu ya chakula. Ningeweza kusema, "Hapana mama, mie nitakula na wenzangu." Ningelisema mara moja tu, na mama, ambaye hakupenda kunilazimisha, angelirudisha sahani jikoni. Sikusema. Niliivuta karibu, nikageuka kidogo ili nisitazamane nao, nikala.

Mwezi uliopita tulisoma hitima ya arobaini ya dada yangu katika kiwanja kilekile, ingawa makuti yamekuwa mabati na shamba letu limekuwa mtaa wa watu nisiowajua. Baada ya dua majamvi yalitandikwa uani, masinia ya pilau yakatoka jikoni, na watu wakajipanga kuyazunguka. Nilikuwa bado natafuta pa kukunja miguu yangu ya kizee aliponifikia Mwanaisha, binti wa jirani ambaye Zena alimlea tangu mchanga. "Shikamoo babu. Wewe usikae kwenye sinia," aliniambia. "Bibi alituusia kabla hajafa. Alisema babu Hamisi ana masharti, siku zote atengewe chake." Akanionyesha kiti pembeni, na juu ya kigoda sahani ya wali mweupe na kipande cha samaki. Watu waliokuwa karibu wakaitikia kwa heshima, mmoja akasema ni vizuri wazee kujitunza. Nilikaa kwenye kiti kile nikiwatazama wakila. Sikugusa kitu. Walidhani ni huzuni, na kweli ilikuwa huzuni, ila si ile waliyoidhania.

Mtu ambaye hakukulia kwenye sinia anaweza kufikiri ni chombo cha kupakulia tu. Kwetu lilikuwa mahakama. Kila mmoja alikula upande wake, hakuvuka kwenda wa mwenzake. Kitoweo alikimega mkubwa, na alikimega mbele ya macho ya wote, akisukuma kipande huku na kipande kule mpaka kila tonge lilikuwa na haki yake. Aliyekwenda kuchota maji alibakiziwa upande wake bila kuguswa. Ukiwa huna hamu ya kula ulionekana. Ukiwa na njaa kuliko wengine ulionekana pia, na mkono wa mwenzio ulijifanya kushiba mapema ili upate. Sinia lilikuwa na macho mengi. Ndiyo maana nasema kwamba siku niliyotoka pale, sikuondoa mkono wangu peke yake. Niliondoa na macho yangu.

Mwaka ule vita vya Wazungu vilikuwa vinaendelea, na baba alikuwa amechukuliwa keya, jeshi la Waingereza, yuko mbali. Mvua za vuli zilikatika zikiwa bado changa, na za masika zilikuja kama mtu apitaye kusalimia. Mpunga wetu wa bondeni ulitoa kiasi kidogo, mama akaufungia chumbani kwake, chini ya kitanda, tukaingia kwenye muhogo. Muhogo mtamu wa karibu na nyumba uliisha kwanza. Ukabaki ule mchungu wa mpakani, ambao watu waliupanda ili nguruwe na wezi wakome. Muhogo huo una taratibu zake, na kila mwanamke wa Temeke alizijua: umenywe, uvundikwe, uanikwe mpaka ukauke kabisa, ndipo utwangwe unga wa bada, yaani ugali wa muhogo. Mama alizijua vilevile. Lakini kuvundika na kuanika ni kazi ya siku nyingi, na njaa haikai kitako ikangoja. Mwanzo tulifupisha kuvundika. Kisha tukafupisha kuanika. Mwishoni muhogo ulimenywa asubuhi, ukawekwa juani juu ya jamvi, ukatwangwa jioni ukiwa bado na unyevu, ukachekechwa, ukasongwa. Bada ile ilikuwa na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Hakuna aliyeusema. Katika mwaka wa njaa anayelalamikia chakula hana adabu.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuugua. Nilikula kiporo cha bada alfajiri, nikatembea kupitia Chang'ombe na Keko hadi shuleni mjini, na jua lilipopanda kichwa kilianza kugonga kisogoni, mikono ikalegea, maandishi ya ubaoni yakawa yanaogelea. Mara nyingine nilitoka mbio kwenda kutapika nyuma ya choo. Nilisahau nilichofundishwa jana yake. Mwalimu wetu, Elia, alikuwa mtu wa bara, Mkristo mwenye koti moja alilolivaa jua na mvua, na hakuwa mkali bila sababu. "Hamisi," alisema siku moja akiwa amesimama juu yangu, "mwili uko hapa. Wewe mwenyewe uko wapi?" Kabla sijajibu mwenzangu wa dawati la nyuma akanisaidia: "Yuko Temeke, bwana, anamalizia bada!" Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka kidogo. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi, kwa sababu yule mtundu alikuwa amesema jibu lenyewe, nasi sote tukalichukulia kuwa mzaha.

Jumamosi moja Mwalimu Elia alikuja nyumbani kwa miguu. Mama alimtandikia mkeka barazani, Zena akamletea maji kwenye kata, naye akanywa yote kabla ya kusema lililomleta. "Mama Zena, mtoto huyu ana kichwa. Lakini tangu vuli ni kama amelala akiwa macho. Mtihani wa kuingia sekondari ni mmoja. Ukimpita, haurudi nyuma kumtafuta." Mama akauliza, "Sasa nifanye nini, mwalimu?" Akasema, "Mtafutie dawa. Ukinipa mtoto aliyeamka, mimi nitakupa mtoto aliyefaulu." Alipoondoka mama alibaki barazani muda mrefu akizungusha ile kata tupu mikononi. Kisha akamwambia Zena, si mimi, "Mmoja wenu akisoma, nyumba hii itakula." Zena akajibu, "Basi na asome, mama. Mie nitaolewa Mtoni nile kwa Athumani," na wote wawili wakacheka, maana posa ya Athumani ilikuwa imepokewa, na Zena alikuwa hawezi kupitisha siku bila kulitaja jina lile kwa njia moja au nyingine.

Maalim Nasoro alikuwa na duka la chumvi, mafuta ya taa na nguo kwenye njia ya kwenda Mtoni. Babu yake alitoka Arabuni, lakini yeye alizaliwa hapahapa na alitania kama Mzaramo. Nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye harufu ya ubani, na humo alisoma vitabu vyake vya tiba. Hakuwa tapeli, na kwa haki yake nataka jambo hili lijulikane. Alinitazama ulimi, akanishika mkono kwenye mshipa, akanisimamisha mlangoni kwenye mwanga. "Kila mwili una tabia yake," alimwambia mama, "na kila chakula kina tabia yake, kuna cha moto na kuna cha baridi. Kuna kimoja kinagombana na mtoto huyu, lakini hatukijui. Basi tuvitoe vyote nje. Tumbakishie wali mweupe na samaki wa kuchoma, ambao hawana ugomvi na mtu. Akitulia, tutavirudisha ndani kimoja kimoja, kama wageni mlangoni. Atakayeleta fujo tutamjua kwa uso wake." Kisha akaweka masharti. Chakula changu kipikwe chungu chake, nisile kwenye sinia, na mkono ulioshika chakula kingine usiguse changu, maana dawa itavunjika. Mwisho akauliza swali la busara kuliko yote, akiuliza kama mtu anayefunga mazungumzo: "Na wengine nyumbani, wazima?"

Mama akasema, "Wazima, alhamdulillahi." Zena alikuwa amekuja nasi, amekaa kizingitini. Aliinamisha macho akaanza kuchezea pindo la kanga yake. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimemkuta nyuma ya jiko ameshika nguzo kwa mkono mmoja, anatapika, na aliponiona alifuta mdomo akasema, "Umeona nini? Hujaona kitu." Ningelisema pale kwa Maalim, "Dada naye ametapika." Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini nilikuwa mgonjwa wa siku ile, mwenye kushikwa mshipa na kusimamishwa kwenye mwanga, na nadhani sikutaka ugonjwa wangu uwe wa watu wawili.

Hivyo ndivyo nilivyopata sahani. Mpunga wa chini ya kitanda ukawa wangu. Ng'onda, yule samaki mkavu ambaye mama alikuwa akimpata sokoni mara moja kwa wiki na kummega kwenye sinia vipande vitatu, naye akawa wangu. Haikusemwa kwamba wao wasile. Ilitokea tu, kwa sababu kilichokuwapo kilitosha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na dawa. Zena alinipa jina palepale. "Pisheni, Bwana Sahani anapita!" alisema nikitoka chumbani. "Bwana Sahani, wali wako leo umeamkaje?" Mama alimkemea huku akicheka. Mimi nilinuna, kisha nikazoea, kisha nikaanza kulipenda. Na sahani ilifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Wiki haikupita kichwa kikaacha kugonga. Nilifika shuleni mwepesi. Mambo niliyoyasoma jioni niliyakuta asubuhi yakinisubiri pale nilipoyaacha. Mwalimu Elia alisimama juu yangu tena, akatazama hesabu zangu, akasema, "Ahaa. Sasa umefika."

Maalim alitimiza ahadi yake, akaanza kuleta wageni mlangoni. Ndizi zikarudi, nikawa mzima. Kunde zikarudi, nikawa mzima. Yai likarudi, na mama akanitazama nikilila kana kwamba lingelipuka, nikawa mzima. Wa mwisho akawa muhogo. Mama aliniwekea bada kwenye sahani, kutoka chungu kilekile cha sinia, nami nikaila yote mchana kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, tumetoka shule mapema. Alasiri haijaisha nilikuwa nimelala chali barazani, paa la makuti linazunguka, tumbo limepanda kifuani. Maalim aliitwa. Alipoingia alifurahi kama mwindaji. "Ndiye huyu!" alisema. "Muhogo ni baridi, na tabia ya mtoto ni baridi. Baridi juu ya baridi, unatazamia nini? Asiuguse tena maisha yake yote." Mama akamshukuru Mungu, kwa sababu adui amejulikana. Zena aliyekuwa amekula chungu kilekile mchana uleule alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho. Niliweza kumwona nilipolala. Niliona na mama akipita mbele yake akijishikilia ukuta kwa kiganja. Hakuna aliyewauliza tabia yao ilikuwa ya baridi au ya moto.

Sasa nayakumbuka mambo yaliyofuata kama mtu anayetazama maji yakipanda nyumbani kwa jirani. Nilikuwa nasoma chumbani, na ukuta wa udongo kati yangu na jiko ulikuwa umepasuka, hivyo nilisikia kila neno. Zena alisema, "Mama, kichwa kinanizunguka." Mama akajibu, "Na nani hakimzunguki? Ni njaa hiyo." Mchi ukaendelea. "Lakini Hamisi alipokula siku ile..." "Hamisi ana tabia yake, wewe una yako. Twanga, mwanangu, jua linakwenda." Nilisikia, nikageuza ukurasa. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ngumu za hesabu.

Siku nyingine mama alikuwa amekwenda msibani, mimi nakula barazani. Zena alitoka kutwanga, jasho limemchora mistari kwenye vumbi la unga usoni, akaja akachuchumaa karibu yangu. Alizoea kunitania akiwa amesimama. "Bwana Sahani," alisema, "nipe tonge moja. Moja tu, nisafishe ulimi."

"Maalim amekataza."

"Maalim hayupo hapa. Yuko dukani anapima chumvi."

"Mkono wako umeshika muhogo, dada."

Aliutazama mkono wake, ukiwa mweupe wa unga mpaka kwenye kifundo. "Kweli," alisema, "umeshika." Akacheka kicheko kifupi, akaufuta kwenye kanga, akainuka kwa kujishika goti. Ningeweza kumwekea tonge mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe, ambao ulikuwa safi. Nilikuja kulifikiria hilo baadaye sana. Siku ile nilikula mpaka nikaikomba sahani kwa kidole.

Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, wanawake wakawa wanashuka hadi bondeni, mwendo mrefu na mlima wakati wa kurudi. Jioni moja Zena alirudi na debe kichwani huku miguu ikimtetemeka, akatua maji, akacheka mwenyewe: "Leo magoti yanacheza ngoma bila kualikwa." Alilala mapema bila kula. Asubuhi mama akamwita mara mbili. "Zena, amka."

"Nimeamka, mama. Miguu ndiyo haijaamka."

Tulicheka. Nataka niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mama na mimi tulicheka, na yeye akacheka pamoja nasi. Kisha akajivuta akasimama. Magoti yakagongana, vidole vya miguu vikaelekea chini kama vya mtu anayechungulia juu ya ukuta, na akamwangukia mama begani. Hakuwa na maumivu. Alisema hivyo mara nyingi siku ile, kana kwamba anatutuliza: hayaumi, mama, hayaumi kabisa, ila hayanisikilizi. Mama alimkanda kwa mafuta ya nazi. Maalim alikuja, akashika mshipa wake, akatazama ulimi. Aliondoka bila kutania.

Tulimpeleka hospitali mjini kwa mkokoteni wa jirani. Daktari alikuwa Mhindi mzee, mchovu, wodi imejaa. Aligonga magoti yake kwa nyundo ndogo na miguu ikaruka kama si yake. Alisema hana jina la ugonjwa ule, lakini amewaona wengine mwaka huu, kutoka mashambani, wengi wao wanawake na watoto. "Mnakula nini?" Mama akamwambia. "Muhogo gani? Mnauanika kwa muda gani?" Mama akajibu kwa sauti ndogo zaidi. "Samaki? Nyama? Kunde?" Mama akanitupia jicho. Daktari akanigeukia mimi, nikiwa nimesimama na mashavu yangu yaliyojaa. "Na huyu, anakula chungu hichohicho?" "Hapana, bwana daktari. Huyu muhogo humdhuru. Kila akiula hutapika na kichwa kumzunguka." Mzee yule alinitazama kwa muda, kisha akamtazama mama. "Basi huyu alikwisha waambia," alisema. Akaenda kwenye kitanda kingine. Mama hakuuliza maana yake, na mimi nilijifanya sikuelewa, mpaka nikafaulu kutoelewa.

Mtihani nilifanya Zena akiwa bado amelala. Nilifaulu. Mwalimu Elia alikuja tena kwa miguu, na koti lake, akampa mama mkono, akaingia ndani kumpa Zena pole. Zena akamwambia, "Usinipe pole, mwalimu, nipe hongera. Mdogo wangu atakuwa bwana mkubwa." Mvua zilirudi, muhogo ukavundikwa na kuanikwa kama inavyopasa, vichwa vya nyumbani vikatulia, lakini miguu ya Zena haikurudi. Alijifunza kutembea kwa fimbo mbili, akienda kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana. Wanawake wa kwao Athumani, Mtoni, walikuja kumtazama. Walikaa, wakala, wakashukuru, wakauliza hali. Baada ya muda wakaja wazee wa kiume kuvunja posa kwa maneno mazuri sana. Zena aliwasikia kutoka chumbani. Walipoondoka alimwita mama, akasema tu, "Nisogezee kinu. Nitatwanga nimekaa."

Shule ya sekondari ilikuwa bara, ya bweni. Katika juma la kwanza jikoni kulipikwa muhogo wa kuchemsha. Nilimfuata mpishi nikamweleza kwamba mimi nina masharti. Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Hapa, kijana, kuna masharti mawili tu, njaa na shibe. Chagua." Nilikuwa na njaa. Nilikula, nikaenda kukaa kitandani kungoja kichwa kigonge. Nilingoja mpaka kengele ya masomo. Hakikugonga. Siku nyingine nikala tena, nikaongeza, na ulikuwa muhogo mtamu, laini, wenye chumvi, nami nilikuwa mzima kama wenzangu. Ndipo yale maneno ya daktari yalipofunguka. Mwili wangu haukuwa na ugomvi na muhogo. Ulikuwa na ugomvi na sumu ya muhogo mchungu usiovundikwa, na sumu ile ilikuwa kwenye chungu cha wote. Nilikuwa wa kwanza kuisikia, nikapewa sahani ili nisiisikie tena, na kilichoweza kumpa dada yangu nguvu za kuihimili, yaani kipande chake cha samaki na tonge lake la wali, kikaletwa kwenye sahani hiyohiyo.

Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani nimeazimia kusema. Mama akaitoa sahani kabatini ameisugua inang'aa, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Kuikataa kulikuwa ni kumwambia kwamba alimnyima binti yake chakula bila sababu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na hoja hiyo ilinisaidia kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiokoa mimi. Nikaila likizo ile na likizo zote. Nikawa karani, nikaoa, nikahamia Kinondoni, na kila nilipokwenda Temeke nilikaa pembeni na sahani yangu.

Mama alikuwa amekwisha fariki siku Zena aliponiona. Ilikuwa mkesha wa harusi ya jirani yetu Temeke, vijana wamewasha makaa nyuma ya nyumba, wanachoma muhogo. Nilisimama nao nikacheka, nikapokea kipande, nikapaka chumvi na pilipili, nikala, nikaomba kingine. Nilipogeuka Zena alikuwa mlangoni juu ya fimbo zake. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Muhogo mtamu?" aliniuliza.

"Mtamu, dada."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepata jumla ya hesabu aliyoifanya kwa miaka. "Haya," alisema, akaingia ndani. Chakula kilipoletwa nilikwenda kukaa kwenye sinia lake. Nilikuwa nimekwisha kunja miguu. Akamwambia msichana wa kupakua, kwa sauti ya kawaida, wote wakisikia: "Mdogo wangu asikae hapa. Ana masharti. Mleteeni sahani yake." Hakulizungumza zaidi, wala mimi sikulizungumza. Alinipokea daima kwa bashasha, aliwauliza wanangu hali zao, alinitania kama zamani, ila lile jina la Bwana Sahani hakulitamka tena. Na kila mara sahani ilikuja.

Basi niseme ilivyo. Sahani ile ilinipa shule, na shule ikanipa kazi na nyumba. Dada yangu ilimpokonya miguu yote miwili, na mume aliyempenda, na watoto ambao angewazaa. Mimi ilinipokonya dada. Nilikuwa naye mmoja tu. Tangu siku ile nilipoipokea sahani mpaka siku tulipomzika, tukaishi wote tukazeeka, sikula naye tena hata mara moja.